Mvuke wa Olkaria, Taa za Mwembe Tayari

Magharibi inapoingia, Mwembe Tayari, Mombasa, huwa na pilikapilika zake. Makuli wanapakia mizigo kwenye mabasi ya Nairobi, wauza mitumba wanawasha balbu juu ya meza zao, friji za sharubati zinanguruma vibandani, na mafundi cherehani wanakimbizana na nguo za wateja wa kesho. Stima ikimwishia mtu, hununua tokeni kwa simu, akabonyeza tarakimu 20 kwenye mita, kazi ikaendelea. Ni wachache wanaojiuliza umeme huo umetoka wapi. Sehemu yake kubwa imeanzia chini ya ardhi ya Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, karibu kilomita 500 kutoka baharini, ambako mvuke wa maji yaliyochemshwa na joto la ardhi huzungusha mitambo usiku na mchana.

Karibu nusu ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na jotoardhi. Mitambo iliyopo ina uwezo wa zaidi ya megawati 900, kiwango kinachoiweka Kenya mbele ya nchi zote za Afrika na miongoni mwa kumi bora duniani. Haya ni mafanikio makubwa, na Wakenya wana haki ya kujivunia. Lakini joto hilohilo ndilo linalochemsha chemchemi za Ziwa Bogoria, linalowapa maji wafugaji wa Eburru, na linalokaa chini ya malisho ya Wamaasai na ardhi ya mababu wa Waendorois. Kila kisima kinachochimbwa kinagusa mojawapo ya hayo. Kwa hiyo kuuliza Kenya ina mvuke kiasi gani hakutoshi. La kuuliza ni mahali gani pachimbwe, mahali gani paachwe, na nani apate nini.

Maji hupikwaje ardhini

Afrika Mashariki inapasuka. Bonde la Ufa, linaloshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya hadi Tanzania, ni mahali ambapo tabaka la nje la dunia limevutwa likawa jembamba, na miamba iliyoyeyuka ikapanda karibu na uso wa ardhi kuliko kawaida. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa, hushuka kilomita moja, mbili au tatu, hukutana na miamba yenye joto kali, kisha hutafuta njia ya kurudi juu. Yakifika yakiwa maji, watu huona chemchemi ya maji moto. Yakigeuka mvuke kabla ya kufika, hutokea tundu linalofuka moshi mweupe, kama yale yanayoonekana kwenye mabonde ya Hell's Gate na miteremko ya Eburru.

Chemchemi inayorusha maji juu, yaani geiza, ni nadra zaidi, kwa sababu inahitaji mambo matatu yapatane: joto kali, maji ya kutosha, na mfereji mwembamba wa mwamba mgumu usiovuja. Maji yaliyo chini ya mfereji hubanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Kwenye kina cha mita 10, maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 120 za Selsiasi. Yanaendelea kupata joto bila kuchemka, hadi kiasi kidogo cha maji ya juu kinapomwagika. Uzito ukipungua ghafla, yale ya chini hugeuka mvuke kwa mara moja na kusukuma kila kilicho juu yake. Baada ya hapo mfereji hujaa tena na mzunguko huanza upya. Takriban nusu ya geiza zote za dunia ziko katika mbuga moja tu, Yellowstone ya Marekani. Zilizobaki zimetawanyika katika nchi chache kama Urusi, Chile, New Zealand na Iceland. Kenya imo katika orodha hiyo fupi kwa sababu ya Bogoria.

Kule Loburu, upande wa magharibi wa ziwa, maji hutokota juu ya ardhi wazi. Ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka yakifika takriban nyuzi 97. Chemchemi kadhaa zimefika hapo hasa. Wageni huja na mayai, wakayatia kwenye kikapu kidogo au mfuko uliofungwa kwenye kijiti, wakayatumbukiza ukingoni mwa dimbwi na kusubiri dakika chache. Yai hutoka limeiva, lina harufu kidogo ya madini. Hatua chache kutoka hapo maji ya ziwa ni ya magadi, mazito, na flamingo hulishia humo viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho.

Mandhari hiyo imebadilika. Tangu miaka ya 2010, maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda na kumeza barabara, nyumba na mageti ya hifadhi. Bogoria ilipopanda, geiza na chemchemi nyingi za ukingoni zilifunikwa. Joto halijazimika, lakini maji ya ziwa yameongeza uzito juu ya mifereji na kuipooza, na nyingi zimebaki kububujika chini ya ziwa pale zilipokuwa zikiruka hewani. Hilo limetokea bila mtu kuchimba chochote. Ni ushahidi kwamba vitu hivi hutegemea mizani ndogo ya maji na uzito, na ikiyumba kidogo tu, vinatoweka.

Safari ndefu ya Olkaria

Mafanikio ya Olkaria hayakuja kwa siku moja. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa kuanzia mwaka 1956, wakati wa ukoloni, na havikutoa mvuke wa kutegemewa. Kazi ikaachwa. Ilirudiwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzunguka. Kufikia 1985 mitambo ilikuwa mitatu, ikitoa megawati 45 kwa jumla. Olkaria II ilifuata mwaka 2003, Olkaria IV mwaka 2014, Olkaria V mwaka 2019, na mtambo wa sita wa Olkaria I ukaongezwa mwaka 2022. Kampuni binafsi nayo imejenga Olkaria III. Huko Menengai, juu ya mji wa Nakuru, kituo cha kwanza cha megawati 35 kilianza kazi mwaka 2023.

Sababu ya mwendo huo wa pole ni gharama. Kisima kimoja hushuka kilomita mbili au tatu na hula mamia ya mamilioni ya shilingi, na hakuna anayeweza kuapa kwamba kitatoa mvuke. Mwekezaji binafsi huogopa kutia fedha shimoni. Ndiyo maana serikali iliunda Kampuni ya Maendeleo ya Jotoardhi, GDC, mwaka 2008, ili ibebe hatari ya uchimbaji wa mwanzo kisha iuze mvuke kwa wajenzi wa vituo. Mlipa kodi wa Kisauni au Likoni amechangia visima hivyo hata kama hajawahi kufika Naivasha.

Kisima kikifanikiwa, mchanganyiko wa maji na mvuke hupanda kwa nguvu ya kutisha. Mvuke hutenganishwa ukapelekwa kwenye turbini. Maji yanayobaki yamejaa silika na chumvi, na silika hiyo huganda ndani ya mabomba maji yakiachwa yapoe hovyo. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudishwa ardhini kwa visima vingine, ili chungu cha chini kisikauke na sumu zisimwagike juu. Gesi ya salfidi hidrojeni, yenye harufu ya yai viza, hutoka pamoja na mvuke, na lazima ipimwe kila wakati kwa ajili ya wafanyakazi na majirani. Jotoardhi ni nishati safi ikilinganishwa na mafuta. Hata hivyo, haikosi uchafu wake.

Mombasa ilipata nini

Kwa miongo mingi Mombasa iliwashiwa taa kwa mafuta mazito. Vituo vya Kipevu, ng'ambo ya kisiwa karibu na bandari, na kile cha Rabai viliungua mchana na usiku, na bei ya mafuta ya dunia ikapanda moja kwa moja hadi kwenye bili ya muuza samaki. Kipevu III, chenye megawati 120, kilijengwa mwaka 2011, wakati Pwani ilikuwa bado mwisho wa nyaya ndefu na dhaifu kutoka bara. Hali ilianza kubadilika njia kuu mpya ya umeme wa msongo mkubwa kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipokamilika mwaka 2017. Mvuke wa Bonde la Ufa ukapata barabara ya kufika baharini.

Kuegemea bara si jambo geni kwa kisiwa hiki. Maji ya Mzima, yanayochujwa na miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu, yameletwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Mji mkongwe wa bandari unakunywa maji ya volkano, na sasa unawasha taa kwa joto la volkano.

Kwa nini basi stima bado ni ghali? Jibu moja limo ndani ya ujumbe wa tokeni wenyewe. Anayeusoma mpaka mwisho huona kwamba fedha yake haikununua uniti peke yake: kuna makato ya mafuta, ya mabadiliko ya thamani ya shilingi, ya umeme wa vijijini, ya mamlaka ya udhibiti na ya kodi. Makato ya mafuta yapo kwa sababu saa za jioni, watu wote wanapopika, kupiga pasi na kutazama televisheni kwa wakati mmoja, mitambo ya mafuta huwashwa kusaidia. Makato ya shilingi yapo kwa sababu mikopo na mikataba mingi ya umeme huhesabiwa kwa dola au yuro.

Jibu la pili ni la usiku. Mtambo wa mvuke hupenda kufanya kazi bila kusimama. Kisima hakifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni. Saa tisa za usiku nchi imelala, mahitaji yameshuka, na Olkaria hulazimika kuachia mvuke hewani bila kuutumia. Nchi hiyohiyo inachoma mafuta saa mbili za usiku na kumwaga mvuke saa tisa. Mwenye jokofu la samaki Mwembe Tayari na mwenye mtambo wa barafu wangefaidika sana kama bei ya usiku wa manane ingeshushwa kwa wateja wadogo, maana hao ndio wanaoweza kuhamisha kazi zao kwenda saa hizo. Megawati mpya zinahitajika, lakini kutumia vizuri zilizopo ni kazi ya haraka zaidi.

Gharama ya walio karibu na moshi

Wanaoishi pembeni mwa visima wana hesabu nyingine. Mwaka 2014, familia zipatazo 150, nyingi zikiwa za Wamaasai, zilihamishwa kupisha Olkaria IV. Zilipewa nyumba mpya na ardhi ya ekari 1,700 mahali palipoitwa RAPland. Nyumba zilikuwa za matofali, shule ikajengwa. Lakini malalamiko hayakukawia: barabara mbovu, ardhi yenye makorongo, umbali na vibarua vya zamani, hati ya ardhi iliyochelewa. Wakazi walipeleka kesi yao kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliokuwa wakopeshaji wa mradi. Upatanishi ulifanyika na makubaliano yakatiwa saini mwaka 2016.

Waendorois wa Bogoria walitangulia kupita njia hiyo, ingawa wao hawakuondolewa na umeme. Waliondolewa miaka ya 1970 ili ziwa liwe hifadhi ya wanyama. Walikosa malisho, mahali pa mifugo kulamba chumvi na mahali pa ibada. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi kwamba Kenya ilivunja haki zao, na Umoja wa Afrika ukaupitisha uamuzi huo Februari 2010. Uamuzi uliitaka serikali itambue umiliki wao, iwalipe fidia na iwape mgawo wa mapato ya hifadhi. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua.

Sheria imejaribu kujifunza. Sheria ya Nishati ya 2019 inataka mrabaha wa jotoardhi ugawanywe: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali hapo. Ni hatua ya kweli. Lakini asilimia tano inayofika baada ya watu kuhamishwa haiwezi kulingana na sauti ya kuamua kabla ya kuhamishwa.

Kile ambacho New Zealand ilijifunza kwa hasara

Wairakei, New Zealand, kituo cha mvuke kilianza kazi mwaka 1958. Karibu nacho palikuwa na bonde la geiza lililovutia watalii kwa vizazi. Visima vilipoteremsha mgandamizo wa maji ya chini, geiza zilinyamaza moja baada ya nyingine, na sehemu ya ardhi ikatitia kwa takriban mita 15. Mwaka 1961, kwenye Mto Waikato, bwawa la umeme lilizamisha geiza zipatazo 70 za Orakei Korako. Wakenya walioona maji ya Bogoria yakipanda juu ya Loburu wanaweza kuelewa hasara hiyo bila kuelezwa.

Rotorua ilipata bahati ya kugeuka mapema. Wenyeji walikuwa wamechimba mamia ya visima vya kupashia nyumba joto, na geiza maarufu ya Pohutu ikaanza kudhoofika. Mwaka 1986 na 1987 serikali iliamuru visima vyote vilivyo ndani ya kilomita moja na nusu kutoka Pohutu vifungwe. Chemchemi zikaanza kurudi. Baadaye mkoa wa Waikato uliyagawa maeneo yake ya jotoardhi katika makundi: ya kuendelezwa, ya kuendelezwa kwa kiasi, ya utafiti, na ya kulindwa kabisa. Mwekezaji anajua mlango upi umefungwa kabla hajatumia hata senti.

Matumizi madogo, faida ya karibu

Umeme si kazi pekee ya maji moto, na mara nyingi si kazi iliyo bora. Kibiro, ufukoni mwa Ziwa Albert nchini Uganda, wanawake wamekuwa wakitengeneza chumvi kwa karne nyingi kutokana na udongo unaolowa maji ya chemchemi za moto. Eburru, wakazi huelekeza mvuke kwenye mabomba upoe, wakapata maji ya kunywa mahali pasipo na mto, na wakati wa ukoloni mvuke huo ulikausha pareto. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilipasha joto hekta 50 za vitalu vyake kwa kisima kimoja. Katanga nako, kule Kiabukwa, mwaka 1952, maji ya nyuzi 91 yaliendesha mtambo wa kilowati 200 hivi kwa ajili ya mgodi, miongo mitatu kabla ya Olkaria.

Pwani ina sehemu yake ndogo. Tanga kuna chemchemi za salfa za Galanos, karibu na mapango ya Amboni, ambako watu huenda kuoga kwa ajili ya ngozi na viungo. Kwale kuna maji moto ya Mwananyamala, upande wa kilima cha Jombo. Mtu asitarajie Olkaria hapo. Jombo ni mwamba wa volkano uliopoa mamilioni ya miaka iliyopita, na maji ya namna hii hupata joto kwa kushuka kina kirefu kupitia nyufa, maana joto la ardhi ya kawaida huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Maji hayo hayawezi kuzungusha turbini kubwa. Yanaweza kukausha mbata, korosho na samaki, au kuendesha bafu za kulipia zinazosimamiwa na kijiji chenyewe. Faida ya aina hiyo hubaki Kwale.

Ramani inayotakiwa

GDC imekwisha kuchimba visima Paka, kule Baringo, na Silali iko mbele. Arus na Bogoria nazo zimo katika orodha ya maeneo yanayotazamiwa. Hapo ndipo Kenya inapopaswa kusimama na kuamua. Tangu 2011 Bogoria ni sehemu ya Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Elementaita. Ina geiza ambazo hazipatikani kwingine nchini kwa wingi huo, na ina watu ambao tayari walinyang'anywa mara moja.

Mfano wa Waikato unaweza kufuatwa bila kusubiri maafa. Wizara ya nishati, pamoja na kaunti na jamii husika, iyapange maeneo yote ya jotoardhi katika makundi na kuyachapisha. Olkaria, Menengai, Paka na Silali ziwe za kuendelezwa, kwa masharti ya fidia inayolipwa kabla ya tingatinga kuingia. Chemchemi za joto dogo, kama za Kwale, ziachiwe matumizi ya wenyeji kwa msaada wa kitaalamu. Loburu na mifereji yake iwekwe katika kundi la kulindwa, na joto lake, wingi wa maji yake na kimo cha geiza zake vipimwe kila mwaka na matokeo yawekwe hadharani, ili mabadiliko yakitokea ijulikane kama yameletwa na ziwa au na kisima. Wakati huohuo, mamlaka ya nishati ipange bei ya usiku wa manane kwa wafanyabiashara wadogo wa Mombasa, Kisumu na Nairobi, ili mvuke unaoachiwa hewani Olkaria utumike kabla ya mwingine kutafutwa Bogoria.